Kitufe Kilichokaa Nje ya Kioo

Ilikuwa mwaka wa kumi na tisa wa Utulivu, katika majira ya kipupwe, serikali yetu ilipofuta foleni.

Nchi yenyewe sitaitaja. Sinyamazi kwa hofu. Jina lake rasmi lina maneno kumi na saba, sheria hairuhusu kulikata, nami sina karatasi ya kutosha. Yatosha kusema kwamba ni nchi yenye amani nyingi kiasi kwamba nyingine huhifadhiwa ghalani, na kwamba wazee wake wana macho mabaya. Jua letu ni kali, kuni zetu zina moshi, na hakuna mtaa usio na watu watatu au wanne wanaotembea kwa kupapasa ukuta kwa sababu ya mtoto wa jicho.

Kwa ajili yao, kila baada ya miaka mitatu huja Msafara wa Macho. Ni madaktari kumi na wawili pamoja na mahema yao. Hukaa siku arobaini katika uwanja wa maonyesho, na kwa muda usiozidi wa kupika wali humwondolea mtu ukungu machoni. Anayekosa Msafara hungoja mwingine. Jicho, hata hivyo, halina desturi ya kungoja.

Zamani watu walipanga foleni kwa mawe. Mgonjwa alikuja na jiwe lake alfajiri, akaliweka mstarini, kisha akaenda zake kusafisha nyumba au kulala. Jiwe lilimwakilisha. Hakuna aliyethubutu kulisogeza jiwe la mwenzake, hata mlevi. Na mtu akipatwa na udhuru, alimpa jirani jiwe lake mkononi, naye jirani akasimama mahali pale bila kuulizwa neno. Desturi hiyo ilikuwa imeandikwa hata katika Kanuni za Msafara, kifungu cha arobaini na moja.

Ikatokea siku moja Mlezi Mkuu wa nchi akapita pale katika gari lake, akachungulia dirishani, akauliza, "Mbona nchi yangu imejaa mawe?"

Jioni ile ile mawe yakazolewa kwa malori mawili, na foleni ikatangazwa kuwa ni aibu ya kihistoria. Kuanzia hapo, ilisema redio, raia atajiandikisha kwenye tovuti, akiwa amejinyoosha kitandani mwake, kwa simu yake ya mkononi.

Jambo hilo lilikuwa jema. Nasisitiza kwamba lilikuwa jema, maana mimi ni mmoja wa watu walioliharibu.

*

Nilikuwa nimestaafu ualimu kwa miaka tisa nilipoletewa barua ya kuteuliwa kuwa Mkaguzi wa Lugha na Heshima za Mtandao katika Wizara ya Mawasiliano Mapana. Barua ilisema kwamba taifa linamhitaji Bi Kazija binti Shee kwa ukali wake. Sikukana. Nilipewa chumba chenye zulia, feni, kalamu nyekundu, na sahani ya biskuti ambayo kila ilipopungua ilijazwa kwa barua.

Nieleze kwanza namna tulivyofanya kazi, kwa kuwa msiba wote umo humo. Katika wizara yetu tovuti ilikaguliwa kwenye karatasi. Ukurasa ulichapwa kwenye karatasi kubwa kama shuka la kitanda cha mtoto, ukatobolewa, ukafungwa kwa uzi mwekundu ndani ya jalada, ukapelekwa ofisi saba na kugongwa mihuri saba. Kitu kisichokuwa na jalada hakikuwapo. Sikuona ajabu yoyote. Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa nimesahihisha madaftari, na kila ukweli niliowahi kuujua ulikuja kwangu ukiwa karatasini.

Fundi wa tovuti aliitwa Zawena, mwanamke wa makamo, mama wa watoto wanne, ambaye alikuwa na tabia mbaya ya kutengeneza vitu vinavyofanya kazi. Asubuhi moja aliingia chumbani kwangu na karatasi isiyozidi kiganja.

"Shikamoo, Bibi. Huu ndio ukurasa wa Msafara wa Macho."

Niliupokea. Ulikuwa na mistari miwili na kitufe kimoja kikubwa. Mstari wa kwanza uliuliza: Jina lako? Wa pili: Jicho lipi? Na kitufe kiliandikwa: Thibitisha.

"Uliobaki uko wapi?" niliuliza.

"Haupo uliobaki, Bibi. Simu za watu wetu ni ndogo, nyingi zimenunuliwa mitumba, na vioo vyake vimepasuka. Nimeondoa kila kisichohitajika ili kilichobaki kionekane."

"Umeondoa salamu."

"Ndiyo, Bibi."

"Umeondoa utangulizi. Umeondoa sifa za Mlezi Mkuu. Raia ataingia serikalini kama mtu aingiaye jikoni kuchukua mwiko?"

"Raia ataingia akiwa haoni, Bibi," alisema Zawena kwa upole. "Mwiko wenyewe anaupapasa."

Niliona ni ufidhuli. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaukata ukurasa ule kutoka pembe hadi pembe, nikaandika chini yake: *Hauna adabu. Rudia.*

Ukurasa uliorudiwa ulifuata Sheria ya Heshima neno kwa neno. Sifa za Mlezi Mkuu, ambazo ni maneno thelathini na moja, zilikaa juu kwa herufi nene. Zilinyooka katika mstari mmoja, kwa sababu ni kosa kumkata Mlezi Mkuu katikati. Na zilimfuata msomaji popote alipokwenda ndani ya ukurasa, kama askari amfuatavyo mgeni katika ghala. Chini yake ilikuwapo picha yake, kisha utangulizi, kisha historia fupi ya jicho tangu uhuru. Kitufe cha Thibitisha kilipewa nafasi ya heshima mwishoni kabisa, upande wa kulia, mahali ambapo mtu muungwana huweka saini yake.

Ilibaki Fomu ya Kumi na Moja, inayodai kwamba ukurasa ujaribiwe kwenye simu ndogo. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Kihenge, alikuja kusimamia jaribio hilo. Karatasi ilitandazwa juu ya meza ya mkutano. Waziri akatoa simu yake mfukoni, akaiweka juu ya karatasi. Kamati nzima ikainama kutazama.

"Imekaa?" aliuliza.

"Imekaa, Mheshimiwa."

"Imeteleza?"

"Haikuteleza, Mheshimiwa."

"Basi ukurasa na simu vinapatana."

Watu walipiga makofi, chai ikaletwa. Zawena, aliyesimama mlangoni, alininyooshea simu yake kwa mbali, kioo kikiwa kimewaka. "Bibi, hebu uufungue hapa, dakika moja tu." Nilimwashiria kwamba nina chai mkononi. Kisha nikaweka kikombe chini, nikaandika kwa mwandiko ambao hata leo ni mzuri: *Umejaribiwa kwenye simu ndogo, na umefaa. Kazija binti Shee, Mkaguzi.* Nikagonga muhuri.

*

Uzinduzi ulifanyika uwanja wa mpira. Ukurasa ulioneshwa kwenye kioo kikubwa kama ukuta wa bohari, na lazima nikiri kwamba ulipendeza. Maneno yote thelathini na moja ya sifa yalisomeka hadi nje ya uwanja.

"Ndugu wananchi!" alisema Dakta Kihenge. "Leo tumeiweka serikali viganjani mwenu! Kiganja kilikuwa kiganja tu. Leo kimekuwa ofisi. Vidole vyenu vitano ni makatibu wakuu watano. Msivitumie kwa mambo ya hovyo!"

Akapewa ufito wa mianzi, akainyoosha mikono, akakigusa kitufe cha Thibitisha pale juu. Njiwa wakarushwa. Ilikuwapo kompyuta kubwa iliyoendesha kioo kile, na kabla haijazimwa sisi maofisa tulijiandikisha kwa kupanga mstari mfupi nyuma ya jukwaa, mstari ambao haukuwa foleni kwa sababu ulikuwa na zulia. Nilipata namba kumi na nne ya siku ya thelathini na nane ya Msafara. Na mimi nina mtoto wa jicho, katika jicho la kushoto. La kulia linaanza.

Raia wengine walipewa siku kumi na tano za mwanzo za Msafara wajiandikishe wakiwa vitandani.

*

Siku ya sita nilisikia mkono ukipapasa mlango wa nyumba yangu.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Nani tena? Au umeshapofuka na wewe?"

Alikuwa Siwatu binti Fumo, tuliyesoma naye tangu darasa la kwanza. Hushona kofia za vito, zile za kutarizi kwa mkono, au alikuwa akizishona. Jicho lake moja lilizimika kabla ya Msafara uliopita, ambao siku zake arobaini zilimalizika mawe mawili kabla ya jiwe lake. Sasa lile la pili lilikuwa limejaa wingu. Kofia ya mwisho aliyoianza ilikuwa bado ndani ya mfuko wake, na sindano imechomekwa pale alipoishia kuona.

Aliketi, akanitolea simu. Ilikuwa ndogo, imefungwa kwa mpira wa kaptula.

"Wewe si ndiye mkubwa wa mtandao siku hizi? Hebu nisaidie. Nimeisugua hii mpaka kidole kimeota sugu. Jirani naye kaisugua mpaka kanitukana."

"Huenda mnaishika vibaya."

"Tunaishikaje vibaya? Ina mkia?"

Niliichukua. Hiyo ndiyo mara ya kwanza, nakiri, kuuona ukurasa nilioupitisha mahali ulipotakiwa kuonekana. Kwenye kioo kulikuwa na maneno mawili: *Mtukufu Mlezi.* Nikaburuta kwa kidole kuelekea kulia: *Mkuu, Baba wa.* Nikaburuta tena: *Mvua na Mwenye.* Niliendelea mpaka sifa zikaisha. Nikateremka, zikanifuata. Zilifunika nusu ya kioo, na nusu nyingine ilikaliwa na kidevu chake Mlezi Mkuu, kwa kuwa picha yake haikuweza kuenea. Nilipokifikia kisanduku cha jina, nililiandika jina la Siwatu bila kuliona. Nilipofika mwisho kabisa, pembeni kulia, nikaona kipande cha rangi ya kijani chenye herufi tatu: *Thi.* Kitufe kilichobaki kilikuwa nje ya simu, hewani, mahali fulani juu ya mkeka wangu. Niligusa zile herufi tatu. Ukurasa ukarudi mwanzo, kwa heshima, na picha ikaanza kupakuliwa upya. Kisha simu ikatoa mlio.

"Bando limekwisha," alisema Siwatu. "Huo mlio naujua kuliko adhana. Umeona?"

"Nimeona."

"Ni wajinga gani hao waliopitisha kitu kama hiki?"

Nilikoroga chai yangu, ingawa nilikuwa nimekwisha kuikoroga.

"Kamati," nilisema.

"Kamati haina macho?"

"Ina karatasi."

Alicheka. Siwatu hucheka kwa bega, tangu utotoni. "Basi waambie hao wenye karatasi kwamba nimebakiwa na jicho hili moja tu. Utawaambia?"

"Nitalitazama suala lako," nilijibu, kwa lugha niliyojifunza wizarani.

Alipoondoka nilikaa nikimsikiliza anavyouhesabu ukuta kwa kiganja, na nikakumbuka jambo ambalo huwa silikumbuki kwa hiari. Tulipokuwa darasa la saba nilikuwa sioni ubaoni, na niliogopa kusema, kwa kuwa mwalimu wetu aliamini kwamba asiyeona ni mvivu. Muhula wa pili wote Siwatu aliketi ubavuni mwangu akaninong'onezea ubao, mstari kwa mstari: hesabu, jiografia, sarufi. Siku moja mwalimu alisikia mnong'ono, akauliza ni nani. Siwatu akasimama. Akapigwa viboko sita mbele yetu, akahamishiwa dawati la nyuma, na mtihani ukamkuta huko, karibu na mlango, kusikosikika somo, akafeli. Mimi nilifaulu. Alipopigwa nilikuwa nimelitazama daftari langu, nami nilinyamaza.

*

Msidhani kwamba sikujitahidi. Kesho yake nilikwenda kumwandikisha kwa ile kompyuta kubwa ya uwanjani, nikaambiwa imehamishiwa makumbusho. Nikaenda makumbusho. Ilikuwa ndani ya sanduku la kioo, pamoja na ule ufito wa mianzi. Kompyuta nyingine za wizara hazikuwa na ruhusa ya kuandikisha raia, kwa kuwa raia hutumia simu. Nilitaka kuwasilisha malalamiko; malalamiko hupokelewa kwenye tovuti ileile, na kitufe cha Wasilisha kimekaa pale pale, kulia, hewani.

Siku kumi na tano zilipotimia, waliothibitisha walikuwa watu mia mbili na kumi na wanne. Wote walikuwa maofisa, au wake zao. Nafasi zilikuwa elfu nne.

Wizara ilifanya sherehe. "Takwimu hazidanganyi," alisema Dakta Kihenge redioni. "Msafara uliopita wagonjwa walikuwa elfu nne na ushei, safari hii ni mia mbili. Kwa ukurasa mmoja tu, tovuti yetu imepunguza upofu kwa asilimia tisini na tano. Nchi jirani zimeomba nakala."

Madaktari ndio waliotia dosari. Waliandika barua wakiuliza walipo wagonjwa, kwa kuwa wao walikuwa wakicheza karata tangu Jumanne na watu wamekaa nje ya uzio wakipapasa seng'enge. Ikabidi Kamati iitishwe.

Walizungumza kwa saa tatu. Ilithibitishwa kwamba ukurasa ni mpana inavyostahili, na kwa hiyo kasoro ni ya simu. Mjumbe mmoja alipendekeza simu ndogo zipigwe marufuku. Mwingine alipendekeza raia wasimame mbali nazo. Mwishowe likapita azimio la Waziri, ambalo lilitangazwa usiku huohuo kwa wimbo: *Raia wenye simu ndogo na waungane.* Simu nne zikilazwa ubavu kwa ubavu juu ya mkeka, ilielezwa, hufanya simu moja kubwa, na huo ndio umoja wa kitaifa. Muda ukaongezwa hadi siku ya arobaini.

Lakini kabla ya azimio hilo, Zawena alikuwa ameomba kusema.

"Ukurasa mdogo upo, Mheshimiwa. Niliutengeneza. Umo kwenye jalada, umekatwa."

"Nani aliukata?" aliuliza Waziri.

Macho yote yakanielekea. Nilikuwa na kikombe mkononi. Daima nilikuwa na kikombe mkononi.

"Ulipungukiwa na heshima," nilisema.

"Na huu uliopita ulijaribiwa kwenye simu, au haukujaribiwa?"

Ningeweza kusema neno moja tu, *haukujaribiwa*, nalo lingetosha. Na sarufi yake ni rahisi.

"Saini yangu ipo, Mheshimiwa," nilisema.

"Basi!" alisema Waziri. "Saini ipo."

Zawena hakunichukia. Alinitazama kama mtu atazamavyo ukurasa usiofunguka. Siku ya pili alipewa uhamisho kwenda Idara ya Visima, kuhesabu ndoo.

*

Mtaani kwetu watu waliungana. Nilichungulia kwa dirisha: majirani wanne walitandika mkeka, wakalaza simu zao ubavu kwa ubavu, wakainama. Kila kioo kikaandika *Mtukufu Mlezi*. Mara nne. Kwa hakika ilipendeza.

Niliandika barua ya kuomba saini yangu ifutwe. Ilirudi baada ya siku mbili, ikiwa na maelezo kwamba saini haiwezi kufutwa, ila inaweza kuongezewa saini nyingine. Nikaenda Idara ya Visima, nikamkuta Zawena kati ya ndoo.

"Nimekuja kukuomba radhi," nilimwambia.

"Radhi unayo, Bibi. Nirudishie karatasi yangu."

Nililitoa lile jalada, nikaufuta ule mstari mwekundu kwa kadiri ulivyokubali kufutika, nikaugonga muhuri wangu. Sasa imebaki mihuri sita. Jalada liko ofisi ya pili, chini ya sahani ya biskuti.

Usiku wa kuamkia siku ya thelathini na nane sikulala. Kulipokucha nilivaa, nikaichukua hati yangu yenye namba kumi na nne, nikaenda kwa Siwatu. Alikuwa barazani, mfuko wa kofia mapajani.

"Umekuja mapema," alisema. "Miguu yako ina makosa. Unatembea kama mdaiwa."

"Siwatu, nina neno."

"Liseme. Lakini usiliseme kwa Kiswahili cha wizara, sina bando."

"Ukurasa ule niliupitisha mimi. Uliletwa mdogo, nikaukata. Ukaletwa huu, nikasaini kwamba umejaribiwa, ilhali haukujaribiwa. Kisha nikaulizwa mbele ya watu, nikanyamaza."

Alitafuta sindano kwa ncha ya kidole, akaigusa, akaiacha.

"Najua," alisema.

"Umejuaje?"

"Si mlituambia tuungane? Tukaungana. Simu nne, saa nzima, tukafika chini kabisa ya ukurasa. Kitufe hakikuonekana. Picha haikuonekana. Kitu kimoja tu ndicho kilichoonekana chote, herufi zote: *Umekaguliwa na Kazija binti Shee.* Jirani alinisomea. Akataka kuja kukuzomea, nikamzuia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kuona safari hii utanyamaza muda gani." Bega lake likatikisika kidogo. "Ya kwanza ni miaka hamsini na tatu, mwenzangu. Hii umejitahidi. Siku kumi na saba tu."

Nimefundisha watoto elfu moja namna ya kujibu swali kwa sentensi kamili, na sikuwa na hata nusu.

"Inuka," nilimwambia. "Tunakwenda uwanjani."

"Kufanya nini? Sina hati."

"Inuka, Siwatu."

Nilipokuwa nikifunga mlango wake niliokota jiwe kando ya kizingiti, nikalitia mkobani.

*

Uwanja ulikuwa umefagiliwa hadi kung'aa. Nje ya uzio watu wapatao elfu moja walikaa ardhini, bila mstari, kwa kuwa mstari ni marufuku. Ndani, madaktari kumi na wawili walicheza karata. Dirishani alikaa karani mwenye miwani minene, naye aliinua kichwa kwa furaha ya mtu ambaye hajapata kazi tangu asubuhi.

"Namba kumi na nne! Karibu, Mama Mkaguzi. Na huyu?"

"Huyu ndiye atakayeingia. Nampa nafasi yangu."

"Haiwezekani, Mama. Nafasi ni ya aliyethibitisha."

"Fungua Kanuni za Msafara, kifungu cha arobaini na moja."

"Kanuni za zamani hizo. Foleni ilifutwa."

"Foleni ilifutwa; kifungu hakikufutwa. Nilizikagua kanuni hizo mwenyewe, hadi nukta ya mwisho. Soma kwa sauti."

Hiyo, nadhani, ndiyo faida pekee niliyoliletea taifa. Karani alifungua kitabu, akatia kidole, akasoma polepole: "*Mwenye nafasi akiwa na udhuru, anaruhusiwa kumpa mtu mwingine jiwe lake, mbele ya karani, na huyo atahesabiwa kuwa ndiye.*" Alifumba kitabu kwa ushindi. "Basi jiwe liko wapi? Nchi nzima haina jiwe, Mama. Yalizolewa."

Nikaliweka dirishani. Halikuwa kubwa, lilikuwa kama yai la bata, na bado lilikuwa na udongo wa mlangoni kwa Siwatu. Karani aliligeuza huku na huku akitafuta namba ya usajili, hakuiona, akashusha pumzi.

Nyuma yetu, kwenye uzio, mtu mmoja aliuliza, "Wamesema jiwe?" Mwingine akasema, "Jiwe." Neno lile likaanza kutembea.

"Utangoja miaka mitatu," alinong'ona karani. "Jicho lako hilo la kulia, naliona hata mimi. Unajua?"

"Najua."

"Kazija," alisema Siwatu. "Sikukuomba haya."

"Hata mimi sikukuomba usimame siku ile. Ulisimama."

Siwatu akasema, "Viboko vilikuwa sita."

"Navijua. Nilivihesabu."

Karani alinisogezea fomu ya udhuru. "Jaza sababu, Mama. Kwa ufasaha, itapelekwa wizarani."

Palikuwa na kisanduku kimoja tu, chenye upana wa ukucha wa kidole gumba. Kwa mazoea niliinua kalamu kuanza na salamu, kisha cheo changu, kisha rejea ya kifungu, nikaona kwamba hata salamu haienei. Kisha nikaandika neno moja lenye herufi nne: *Deni.*

Karani alilisoma, akageuza fomu kuangalia kama kuna maelezo mengine nyuma. "Ndiyo yote? Hakuna salamu, Mama? Hakuna hata cheo?"

"Hakihitajiki," nilisema.

Nikalichukua jiwe, nikakitafuta kiganja cha Siwatu, nikaliweka ndani yake, nikamfumba vidole kimoja kimoja, vyote vitano. Kisha nikamshika mkono hadi mlango wa hema, nikawa namnong'onezea njia hatua kwa hatua: hapa kuna kamba, inua mguu; hapa kuna kizingiti; sasa wima, daktari yuko mbele yako.